Mwambie Mkwe Wangu

Mume wangu Nchagwa aliamua kufa kwa sababu ya choo. Nasema hivyo hivyo bila kupunguza, maana nimechoka kuwapambia watu maneno.

Mwezi wa pili madaktari bingwa wa moyo walikuja wilayani kwetu Tarime kwa siku tano. Wakamlaza Nchagwa kitandani, wakampaka mafuta kifuani, wakapitisha kidude chao huku wakitazama kwenye kioo, kisha wakasema mlango mmoja wa moyo wake haufungi. Damu ikisukumwa mbele, nyingine inarudi nyuma. Ndiyo maana miguu inavimba, ndiyo maana akipandisha kutoka mtoni kwenda zizini anasimama mara tatu akijifanya anaangalia mahindi. Wakasema kazi hiyo inafanyika Dar es Salaam na isicheleweshwe, maana moyo unaohangaika hivyo hauwezi kwenda mbali. Wakampa tarehe ya kulazwa, katikati ya mwezi wa tatu. Bima ilikuwepo, mwanetu Sylvester alishatuandikisha. Nyumba ya kufikia ilikuwepo, ya Sylvester huyo huyo. Kilichobaki ni mtu kupanda basi.

Hapo ndipo choo kilipoingia.

Sylvester ni fundi umeme. Amepanga huko Kivule, Dar es Salaam, vyumba viwili na sebule, choo na bafu viko ndani, mlango mmoja. Anaishi na mkewe Frida, mtu wa Njombe, mwalimu wa watoto wa chekechea. Na kwetu sisi Wakurya baba mkwe na mke wa mwanawe wana mpaka kati yao. Halali naye nyumba moja, haogi pale anapooga yeye, hampi mkono, hakai akamtazama usoni. Siku hizi wengi wamelegeza. Utaona mzee amekaa sebuleni na mkwe wake wanaangalia tamthilia, mguu kwa mguu, na mbingu haijaanguka. Nchagwa hajalegeza hata uzi mmoja. Tangu Frida aolewe, miaka sita sasa, hajawahi kumwambia neno moja kwa moja. Anayesema ni mimi. Frida akipiga simu kumjulia hali baba mkwe wake, ananiambia mimi, mimi namwambia Nchagwa aliyekaa hatua mbili kutoka kwangu, Nchagwa anajibu, mimi narudisha. Spika imewashwa, wote wawili wanasikiana vizuri kabisa, na bado mzigo naubeba mimi. Miaka sita nimekuwa mnara wa simu.

Siku tuliyopewa tarehe nilimpigia Frida. Sylvester alikuwa saiti Dodoma wakati ule, kwa hiyo mambo yote ya nyumbani yalipita kwa mkewe. Nchagwa alikuwa zizini. Tuliongea mengi mimi na Frida, mengine si ya kuyarudia hapa. Jioni nikamwambia mume wangu kwamba kitanda kipo, shuka zipo, na Frida anasema karibu.

Akatafuna ugali wake polepole. Kisha akauliza, "Na choo?"

"Choo kipo."

"Cha nani?"

"Cha nyumba, baba Sylvester. Choo ni cha nyumba."

"Mimi nikajisaidie pale anapojisaidia mke wa mwanangu? Nioge pale, kanga yake imening'inia ukutani?" Akasukuma sahani. "Hapana. Hiyo hapana."

Nilifikiri ni maneno ya siku moja. Kumbe ndiyo kwanza alikuwa anafungua duka. Choo kilipochosha kukawa na ng'ombe: nani atawaangalia, wezi wanakuja kila mwezi, wiki iliyopita wamebeba sita wa watu wa Nyarero. Ng'ombe walipochosha kukawa na palizi ya mahindi. Palizi ilipokwisha kukawa na migomba iliyoangushwa na upepo. Mimi nilikuwa najibu kila kimoja, na kila nilipojibu kimoja anarudi kwenye choo kama mtu anayerudi nyumbani kwake.

Nilikasirika. Sijui kama neno hilo linatosha. Nilikuwa naamka asubuhi hasira imeshaamka kabla yangu, imeshawasha moto, inanisubiri jikoni. Nilikuwa nasonga ugali na kuupiga mwiko mpaka sufuria inahama mafiga. Nilimwambia maneno ambayo mwanamke wa Kikurya wa umri wangu hamwambii mumewe. Nilimwambia: wewe ulisimama mbele ya kisu cha jando ukiwa kijana, hukupepesa jicho, watu wakakuimbia njia nzima mpaka kwa mama yako, leo unakimbia tundu la choo? Alinitazama kwa utulivu wake ule unaoniua, akasema, "Sikimbii. Naheshimu."

Jumapili moja baada ya ibada akamwita mdogo wake Mogesi aje kuthibitisha. Mogesi ana mdomo mzuri, akikaa kwenye kigoda utafikiri kigoda ndicho kilimwomba. Akanywa uji wangu kikombe cha kwanza, akanywa cha pili, ndipo akasema, "Shemeji, mila ni mila. Kaka yangu hakosei."

"Mogesi," nikamwambia, "kaka yako akifa mtachinja ng'ombe wangapi?"

"Shemeji, maneno gani hayo?"

"Nakuuliza hesabu rahisi. Wawili? Watatu? Na nani atashika kisu? Ni wewe. Na nani atakaa kwenye nyama? Ni wewe. Ndiyo maana mila imekukaa vizuri hivyo tumboni."

Mogesi aliondoka hajamaliza kikombe cha tatu. Nchagwa hakunisemesha siku nne. Sikujali, maana hata alipokuwa ananisemesha alikuwa anasema choo.

Tarehe ya kwanza ikapita. Siku moja kabla, asubuhi, Sylvester alipiga simu akitegemea baba yake yuko njiani, Singida huko au Dodoma. Nikamwambia yuko hapa, anapiga mswaki. Sylvester akaomba kuongea naye, na walichoongea si mazungumzo. Mtoto alipiga kelele, "Tata, unataka kufa?" na baba mtu akakata simu. Tangu siku hiyo simu ya mwanawe hapokei. Wakatupa tarehe ya pili, mwisho wa mwezi wa nne. Nayo ikapita. Kufikia hapo Nchagwa alikuwa analala amekaa, mgongo ukutani, maana akilala chali anahisi maji yanampanda shingoni. Viatu havikuingia tena mguuni. Ng'ombe nikawa nawatoa mimi, yeye amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, anahesabu migongo yao wakipita, na akimaliza kuhesabu anahema kana kwamba amewachunga mwenyewe mpaka Mugumu.

Wakatoa tarehe ya tatu. Alhamisi ya wiki ya pili ya mwezi wa sita. Safari hii walisema wazi: akikosa anaondolewa kwenye orodha, aanze upya kama mtu ambaye hajawahi kuonekana. Hata mimi ambaye sijasoma sana nilielewa kwamba Nchagwa hana muda wa kuanza upya.

Jumatatu ya wiki hiyo, kama saa nane mchana, Noah ya abiria kutoka Tarime ilisimama pale njiani na Frida akashuka. Peke yake, begi moja mgongoni, vumbi mpaka kwenye kope. Hakuwa ametuambia. Alikuwa amesafiri siku mbili, huyu mtoto mdogo wa umbo ambaye ukimwona shuleni utamhesabu na wanafunzi.

Nilitoka kumpokea. Nchagwa alikuwa pale pale kwenye kigoda. Frida alipomwona akasimama, akageuka pembeni, akaenda kukaa nyuma ya ghala la mahindi, juu ya jiwe la kunolea, amempa mgongo. Ghala likawa katikati yao. Mtu wa Njombe, hakuzaliwa na haya mambo, na aliyafanya bila kuambiwa. Nilitaka kulia, ila kwa kuwa nilikuwa nimezoea kukasirika, nilikasirika.

"Mama," akasema, "mwambie baba shikamoo."

"Anasema shikamoo," nikamwambia Nchagwa.

"Marahaba. Muulize safari."

"Anauliza safari."

"Nzuri. Mwambie nimekuja kwa ajili ya choo."

Hapo sikurudisha. Nilikuwa nimesimama kati ya ghala na kigoda, ndoo ya maji bado iko mkononi. Nchagwa akakohoa. Alikuwa amesikia, ila alisubiri, na ilibidi niseme. "Anasema amekuja kwa ajili ya choo."

Frida akaanza kutoa mambo yake moja moja, kwa sauti ya mwalimu. Nyumba ya tatu kutoka kwao anakaa mjane wa Kikurya, mama Gidion, mzaliwa wa Nyarero, marehemu mumewe alikuwa askari. Uani kwake kuna chumba chenye mlango wake. Ndani ya chumba kuna choo na bafu. Chumba kilikuwa na mpangaji, mpangaji amehama, Frida ameshakichukua kwa miezi mitatu. "Mwambie baba mimi sijawahi kukitumia choo kile. Nilipoenda kukikagua nilimtuma mama Gidion aingie, mimi nikabaki nje. Na sitakitumia. Picha hii hapa."

Nikabeba simu kutoka nyuma ya ghala mpaka kwenye kigoda. Nchagwa akaitazama picha ya choo muda mrefu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Muulize kama kina mlango."

"Mlango unaonekana hapo, baba Sylvester! Si huo?"

"Muulize."

"Kina mlango," Frida akasema kabla sijageuka, "na komeo lipo kwa ndani."

"Anasema kina mlango na komeo," nikasema kwa hasira, maana kazi ni kazi.

Nchagwa akauliza chakula. Mama Gidion anapika uji wa wimbi na ugali wa mtama, chumvi ataambiwa apunguze. Akauliza ng'ombe. Frida akasema amempigia Mogesi, amekubali kuwachukua wote zizini kwake mpaka kaka yake arudi. Mogesi huyo huyo! Kumbe alihitaji tu kuombwa na mtu asiyemtukana. Akauliza migomba. Mwana wa Mogesi ataipitia. Akauliza mahindi, Frida akasema mahindi yameshakauka, baba anajua kuliko yeye, yanasubiri kuvunwa tu na wavunaji hawakosekani hapa kijijini Nyamwaga.

Nilimtazama Nchagwa na nikaona, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili, kwamba duka limekwisha bidhaa. Moyoni nilifurahi kwa ubaya. Nilijiambia: haya, mzee, tafuta kingine.

Akapata kingine. "Muulize, nikishuka kwenye basi nikapotea?"

"Sylvester atakuwa pale pale mlangoni mwa basi," Frida akajibu.

"Na Sylvester akichelewa?"

"Hatachelewa. Na mimi nitakuwa kwenye basi hilo hilo. Viti vya nyuma, mbali na baba."

Nchagwa alikuwa anatazama chini, katikati ya miguu yake iliyovimba. "Muulize," akasema, "kama watu wa kule wanaitikia salamu."

Ndoo nikaitua chini kwa kishindo. "Swali gani hilo? Mtu amesafiri siku mbili kwa ajili yako, unamuuliza salamu? Sitaliuliza hilo! Nimechoka kubeba!"

Nchagwa hakunigombeza. Akaanza kuongea polepole, akivuta pumzi kila baada ya maneno machache, na sikujua kama anaongea na mimi, au na ghala, au na ng'ombe.

"Mwaka tisini na sita," akasema. "Ezekiel."

Ezekiel alikuwa kaka yake mkubwa. Alikwenda Mwanza kutafuta kazi, akaugua huko, akafa huko. Habari za ugonjwa zilipokuja, Nchagwa ndiye aliyetumwa kumfuata. Aliporudi alituambia barabara ilikatika kwa mvua, maiti isingefika, ikabidi amzike huko huko na alisimama kaburini mwenyewe, akatupa udongo kwa niaba ya ukoo. Mimi nilikuwa na mimba ya Sylvester. Mama mkwe wangu alipokea maneno hayo, akayalilia, akafa akiyaamini.

"Sikumzika," Nchagwa akasema. "Alikuwa hai nilipofika Mwanza. Nilishuka stendi asubuhi, karatasi yenye jina la hospitali imelowa mfukoni, siisomi. Nikaanza kuuliza. Nasalimia, mtu anapita. Nasalimia, mtu ananitazama miguu, anapita. Kiswahili changu walikicheka. Siku ya kwanza ikaisha. Siku ya pili nikapelekwa hospitali siyo. Siku ya tatu nikafika hospitali yenyewe. Walisema alikuwa anaita watu kwa Kikurya na hakuna aliyejua anamwita nani. Walikuwa wameshamzika wenyewe. Nikaonyeshwa udongo una kibao cha namba. Jina hakuna. Namba." Akasimama kuvuta pumzi. "Mpaka leo Mogesi hajui. Hata wewe hujui."

Ni kweli sikujua. Nimelala kitanda kimoja na mtu huyu miaka yote hiyo na sikujua.

"Mwambie mkwe wangu naogopa," akasema Nchagwa. "Si choo. Mwambie choo chake ni kizuri, amefanya vizuri. Mwambie naogopa kulala mahali ambapo nikiita hakuna anayejua namwita nani. Sylvester anashinda kazini. Huyu aliye nyuma ya ghala ni mkwe, hawezi kukaa kitandani kwangu, hawezi kunishika, hawezi kunivua shati. Nitakuwa peke yangu na watu wa namba. Ningekuwa na mtu wangu pale, ningekwenda. Ningekwenda tangu mwezi wa tatu."

Kazi yangu ilikuwa kugeuka, kutembea hatua nne, kusema: anasema anaogopa. Sikwenda.

"Mama?" Sauti ya Frida ilikuwa imebadilika. Haikuwa tena ya mwalimu. "Mama, hukumwambia?"

Nchagwa akainua kichwa. "Hakuniambia nini?" Alisahau kusema *muulize*. Aliuliza tu.

Frida naye hakusubiri nirudishe. Alibaki ametugeuzia mgongo, anaongea na ukuta wa ghala. "Tangu siku ya kwanza, mama. Mwezi wa pili. Nilisema mje wote wawili. Nilisema wodini wanaruhusu ndugu mmoja wa kumwangalia mgonjwa, na ndugu huyo ni wewe, mimi siwezi kwa sababu ya mila yenu. Ukasema utamwambia. Nilipopiga tena ukasema umemwambia, amekataa, hataki kusafiri na mwanamke. Mwezi wa nne nikarudia. Ukasema bado hataki."

Nilisema hivyo. Ni kweli. Nilizima spika, nikatoka mpaka kwenye migomba, nikasema mume wangu hataki, na wala hakuwahi kuulizwa.

Nitasema na sababu, ingawa hainisafishi. Mimi mwisho wangu wa dunia ni Musoma, siku moja, kwenda na kurudi. Kwingine ni Mugumu kwa dada yangu Eunice, na huko nakwenda kwa sababu kuna Eunice. Frida aliposema *mje wote wawili* niliona ghorofa ambalo naingia na mume wangu na kutoka bila yeye. Niliona wauguzi wananipa karatasi na mimi naishika kichwa chini. Niliona nafungua mdomo kuuliza njia, Kiswahili changu cha huku kinatoka na Kikurya ndani yake, na watu wanageuka. Yote yale aliyoyaona Nchagwa Mwanza, mimi niliyaona nikiwa nimesimama jikoni kwangu, bila hata kwenda. Nikajiambia akikubali kwenda peke yake nitakuwa nimemponya bila kutoka hapa. Kwa hiyo ilibidi aende peke yake. Na alipokataa, nilimpiga kwa maneno kila siku ya Mungu, nikamwita mwoga, nikamfukuza ndugu yake, nikahamisha sufuria kwenye mafiga. Miezi minne. Wanawake wa jirani walikuwa wananisifu, wanasema Mokami anampigania mumewe.

Hasira ilikuwa bado imo, tena nyingi kuliko mwanzo. Ila haikuwa na mahali pa kwenda. Nilimtafutia Frida kosa, sikuliona. Nikamtafutia Nchagwa, nikaona miguu yake.

"Mwezi wa tatu," Nchagwa akasema taratibu. Alikuwa anahesabu. "Mwezi wa tatu nilikuwa natembea mpaka mtoni."

"Ndiyo," nikasema.

"Viatu vilikuwa vinaingia."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa unajua niko tayari kwenda nikiwa na mtu?"

"Hilo sikulijua. Naapa sikulijua. Nilijua tu kwamba mimi siko tayari." Nikasema na lile lingine, maana halikuwa na pa kujificha tena. "Naogopa, baba Sylvester. Naogopa kuliko wewe. Wewe ulikwenda ukapotea. Mimi sijawahi hata kujaribu."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Ningekuwa na cha kujibu, ningeshika ndoo, ningejua pa kusimama. Alinitazama tu, si kwa utulivu wake ule, bali kama mtu anayemtazama ng'ombe wake zizini kwa mtu mwingine. Kisha akageuza uso kutoka kwangu.

"Frida," akasema.

Miaka sita sikuwahi kusikia jina hilo mdomoni mwake. Kila siku ni *mkwe wangu*, ni *mwambie*. Nyuma ya ghala Frida akashtuka, akageuza kichwa upande wangu, akisubiri nifanye kazi yangu. Nikafungua mdomo.

"Wewe nyamaza," Nchagwa akaniambia, bila ukali. "Nimemwita yeye. Frida, basi linaondoka Tarime saa ngapi?"

"Kesho, baba. Saa kumi na moja alfajiri. Inabidi tulale Tarime leo. Tiketi yako na ya mama ninazo, nilikata mbili. Nilijiambia nikifika nitakuomba wewe mwenyewe umkubalie mama aje."

"Na Alhamisi tutafika kwa muda?"

"Jumatano alfajiri tutakuwa nyumbani. Utapumzika siku moja. Alhamisi asubuhi Sylvester atatupeleka na gari la rafiki yake."

"Sawa. Mpigie huyo Sylvester, umwambie nitapokea simu yake. Na Noah ya kurudi Tarime inapita saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni, baba."

Wakaendelea hivyo, yeye kwenye kigoda, mtoto wa watu nyuma ya ghala, hawatazamani, hawakaribiani, mpaka wao uko pale pale, ila maneno yanapita moja kwa moja juu ya ghala, yananipita mimi niliyesimama katikati. Alimuuliza abebe blanketi au la. Alimuuliza dawa zake zitunzwe wapi wakati wa safari. Mambo ambayo jana angeniambia mimi, na mimi ningeyatupa huku na huku kwa kelele. Hakuna aliyenihitaji kubeba chochote.

Nikaingia ndani. Nilivuta sanduku chini ya kitanda, nikatoa mashati yake mawili, suruali ile ya kanisani, ndala, maana viatu haviwezekani. Nikatoa vitenge vyangu viwili nikaviweka juu ya mashati, nikavitoa, nikaviweka tena. Nikavisukuma vyote kwenye begi, zipu ikanishinda. Nikakaa chini sakafuni. Nilifikiria mwezi wa tatu, mtu anayetembea mpaka mtoni na kurudi. Nilifikiria kwamba madaktari wale Alhamisi watamwangalia na huenda watauliza, mzee, mbona umechelewa hivi, na mimi nitakuwa nimekaa pale kitandani, na itabidi mtu awajibu.

Nje nilimsikia Nchagwa anajiinua kwenye kigoda. Kazi hiyo sasa inachukua muda, ana kishindo chake, anashika ukuta kwanza.

"Mama Sylvester," akaita. "Unakuja au unabaki?"

"Nakuja!" nikajibu. "Unanipigia kelele za nini? Nimesema nakuja!"

Hakuwa amepiga kelele. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama pumzi yake ilivyomruhusu.